Kudonoa gitaa huku unaimba peke yako: mkono wa kulia ufanye nini?

MwimbajiPekee aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada kuhusu kazi ya mkono wa kulia pale ambapo mtu mmoja anaimba na kujipigia gitaa mwenyewe, bila besi, bila ngoma na bila mwenzake wa kumjazia mapengo. Kordi za kawaida, yaani C, G, D, Am, Em na F, ninazibadilisha bila kuangalia shingo ya gitaa, na nikicharaza kwa piki (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) ninaimba bila taabu. Lakini nyimbo ninazozipenda ni za taratibu, zenye maneno ya kusikilizwa, na kucharaza nyuzi zote sita kunayafunika maneno hayo.

Nimejifunza mitindo kadhaa ya kudonoa kwa vidole. Nikiipiga bila kuimba inatoka safi kabisa, ila nikianza tu kuimba, ama kidole gumba kinaacha mapigo na kufuata silabi, ama sauti yangu inafungwa na vidole hivi kwamba kila silabi inaangukia kwenye uzi wake, na wimbo unasikika kama mtu anayesoma orodha ya majina. Ningependa kujua nianzie wapi ili mkono ujitegemee, na kama mtindo mmoja unatakiwa kubaki vilevile kuanzia mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Pia, je, ni lazima kutumia vidole, au piki nayo inaweza kuifanya kazi hii kwa ustaarabu?

GumbaKwanza alijibu:

Ndugu MwimbajiPekee, kwa jinsi unavyoeleza, inaelekea ulijifunza kila mtindo kama mfuatano mmoja wa vidole vinne, ukaukariri ukiwa kitu kizima. Kwa mpigaji asiyeimba hilo halina ubaya. Kwa anayeimba, mkono wa kulia una kazi mbili zilizotengana: gumba linashika mapigo, na vidole vingine vinapamba. Gumba lisiposimama peke yake kwanza, sauti italiburuta tu, hata ukikariri mitindo mingapi.

Kwa hiyo viache vidole vingine vipumzike kabisa. Shika kordi ya C, donoa uzi wa tano (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba zaidi, ambao ni wa kwanza, hadi ule mnene zaidi, ambao ni wa sita) kwenye pigo la kwanza, wa nne kwenye la pili, wa tano tena kwenye la tatu na wa nne kwenye la nne, kisha imba wimbo wako mzima juu ya besi hiyo. Weka metronomu, yaani kifaa cha kuhesabia mapigo, kati ya mapigo 60 na 70 kwa dakika. Zoezi hili linachosha, na wengi huliruka kwa sababu halina utamu, lakini ndilo linalotibu ugonjwa ulioutaja. Usiridhike kwamba unaweza kuimba sambamba na mapigo. Jaribu kwa makusudi kuchelewesha neno, kuwahisha jingine, na kuivuta noti ya mwisho wa mstari mpaka pumzi ikaribie kuisha, huku gumba likiendelea kana kwamba hakuna anayeimba.

Nyuzi za gumba hutegemea kordi. Kwenye G tumia wa sita na wa nne, kwenye Em vilevile, na kwenye Am wa tano na wa nne. Kwenye D anza na wa nne kisha rudi kwenye wa tano ulio wazi, ambao ni A na umo ndani ya kordi hiyo, ila uzi wa sita uuache, maana E yake itaichafua D. F ya kubana nyuzi zote ni mzigo usio wa lazima hapa. Shika F nyepesi ya nyuzi nne tu, wa kwanza hadi wa nne, na gumba lako litembee kati ya uzi wa nne na wa tatu. Ukitaka C yenye besi nzito zaidi, kidole cha pete cha mkono wa kushoto kinahama kutoka uzi wa tano hadi wa sita, kwenye freti (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ileile ya tatu, nawe unapata G chini ya C.

Gumba likishazoea, ongeza kitu kimoja tu: kwenye pigo la kwanza, kidole cha kati kidonoe uzi wa pili pamoja na gumba, kama unavyobana kitu kwa vidole viwili. Imba hivyo kwa muda. Baadaye ongeza kidole cha shahada kwenye uzi wa tatu, katikati ya mapigo. Ukifika mwisho utapata mtindo huu, ambapo G ni gumba, S ni shahada na K ni cha kati, na "na" ni nusu ya pili ya pigo:

1 (G+K) – na (kimya) – 2 (G) – na (S) – 3 (G) – na (K) – 4 (G) – na (S)

Huo ndio msingi wa upigaji unaohusishwa na jina la Merle Travis, mpigaji wa Kentucky nchini Marekani aliyefariki mwaka 1983, ambaye alitegemea zaidi gumba na kidole cha shahada tu. Vidole hivyohivyo viwili ndivyo alivyovitumia Mwenda Jean Bosco wa Katanga nchini Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, na ambaye nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili. Msikilize yeye kabla ya kuhangaika na vidole vinne. Gitaa lake linakwenda mwendo wake, sauti inaingia na kutoka kwa wakati wake, na hakuna mmoja anayemsubiri mwenzake.

SautiMbele alijibu:

Nakubaliana na ndugu GumbaKwanza kuhusu gumba, lakini nina shaka kidogo na pale anaposema "ukifika mwisho". Mtindo uliokamilika wa kujaza kila nusu ya pigo si mwisho wa safari kwa mwimbaji, na mara nyingi ndio chanzo cha ile hali ya kusoma orodha ya majina. Sauti ya binadamu ina noti ndefu, ina pumzi, ina konsonanti zinazohitaji kusikika. Gitaa likijaza kila nafasi, msikilizaji hana pa kuyashikia maneno.

Mimi ninaugawa wimbo kwa kuangalia sauti iko wapi. Maneno yanapoimbwa, hasa mstari unaobeba habari ya wimbo, mkono unashuka hadi kwenye gumba na donoo moja au mawili ya juu katika kila kipimo cha mapigo manne. Mstari ukiisha, mwimbaji akivuta pumzi, hapo ndipo vidole vinapewa ruhusa ya kusema. Nafasi yenyewe ni fupi, pengine mapigo mawili, kwa hiyo kionjo chake kiwe kifupi pia. Kwenye D, inua kidole kinachoshika uzi wa kwanza ili E iliyo wazi isikike, kisha kirudishe. Au weka kidole cha mwisho kwenye freti ya tatu ya uzi huohuo na ukiondoe. Kwenye C, donoa uzi wa nne ukiwa wazi kisha gonga freti ya pili kwa kidole cha kushoto bila kudonoa upya. Hivi ni vitu vidogo sana, na kwa maoni yangu vinatosha kwa nyimbo nyingi.

Pumzi hiyo pia ni mahali pazuri pa kutembeza besi kuelekea kordi inayofuata. Kutoka C kwenda Am, gumba lipite uzi wa tano kwenye freti ya tatu, kisha ya pili, kisha uzi ulio wazi. Kutoka G kwenda C, ukishapiga uzi wa sita kwenye freti ya tatu, endelea na uzi wa tano ukiwa wazi, kisha freti yake ya pili, na noti inayofuata ni C yenyewe. Kutoka G kwenda Em unapita freti ya pili ya uzi wa sita. Msikilizaji anasikia besi ikisogea wakati sauti imenyamaza, na hahisi pengo lolote.

Kuhusu swali lako kama mtindo ubaki mmoja, jibu langu ni kwamba mkono ubaki mmoja na ujazo ubadilike. Ubeti wa kwanza waweza kuwa gumba na mbano wa pigo la kwanza peke yake. Kiitikio kikapata mtindo mzima. Ubeti unaofuata, badala ya kuongeza tena, sogeza mkono: karibu na daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa) nyuzi zinatoa sauti kali na nyembamba, juu ya tundu zinatoa sauti ya kati, na ukielekea shingoni zinalainika. Wapigaji wengi wanasahau kabisa kwamba wanaweza kubadilisha rangi ya sauti bila kubadilisha hata donoo moja.

Naongeza jambo moja kuhusu kujifunza mitindo mingi. Mauro Giuliani, Mwitaliano aliyeishi Vienna mwanzoni mwa karne ya 19, aliandika mazoezi 120 ya mkono wa kulia, na yote yamejengwa juu ya kordi mbili tu, C na G7. Ukitaka kujifunza jambo la mkono wa kulia, punguza kazi ya mkono wa kushoto. Na kwa kuwa wewe unaimba, punguza na kazi ya sauti pia: anza kwa kuvuma wimbo midomo ikiwa imefungwa, kisha imba kwa vokali moja, halafu ndipo uweke maneno. Konsonanti ndizo zinazouvuta mkono, na ukizileta mwisho utaona tofauti.

PikiNaKidole alijibu:

Naona piki imesahauliwa, na ndugu yetu aliiuliza waziwazi. Piki haina kosa lolote. Kosa ni kuvamia nyuzi zote sita kila mara. Gawa mkono wako vilevile kama wanavyogawa wa vidole: kwenye pigo la kwanza na la tatu donoa uzi mmoja wa besi, na kwenye la pili na la nne pitisha piki kwa wepesi juu ya nyuzi tatu nyembamba tu. Hapo maneno hayatafunikwa. Uchaguzi wa piki una uzito wake: nyembamba ya takriban milimita 0.6 inalegea kwenye nyuzi na inafaa kwa kupitisha, ilhali ya milimita 0.8 na kuendelea inadhibiti zaidi unapodonoa uzi mmoja mmoja lakini ukiicharaza kwa nguvu inakwaruza.

Kuna njia ya kati ambayo waimbaji wa peke yao wangefaidika nayo sana, nayo ni kushika piki kwa gumba na shahada huku kidole cha kati na cha pete vikidonoa nyuzi za juu, yaani zile nyembamba. Piki inafanya kazi ya gumba. Faida yake ni kwamba kiitikio kikifika unaweza kucharaza papo hapo, na ubeti ukirudi unarudi kwenye kudonoa bila kutafuta mahali pa kuiweka piki.

Na kwa sehemu ambazo huimbi, mtazameni Maybelle Carter wa kundi la Carter Family, lililorekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Yeye alicheza tuni ya wimbo kwa gumba kwenye nyuzi za besi, na kidole cha shahada kikapangusa nyuzi za juu kati ya noti hizo. Njia hiyo inafaa sana kwa utangulizi na kwa sehemu ya kati isiyo na maneno, kwa sababu gitaa linabeba tuni na mdundo kwa wakati mmoja. Usiitumie unapoimba, hata hivyo. Gitaa linalorudia tuni ileile chini ya sauti linamnyang'anya mwimbaji uhuru wa kuichelewesha au kuipinda.

MwimbajiPekee aliandika:

Nawashukuru wote kwa kunijibu kwa kina. Nimefuata zoezi la gumba peke yake na ninakiri nililidharau kwanza, lakini ndugu GumbaKwanza amesema kweli: gumba limeanza kutosikiliza ninachoimba, na hata nikichelewesha neno halitetereki kama zamani. Nimeanza kuongeza mbano wa pigo la kwanza.

Nimebaki na mambo matatu yanayonisumbua. Sauti yangu ni ya chini, na ninapoimba ubeti nahisi gitaa na sauti vinagombea mahali pamoja hata nikidonoa taratibu. Kisha kuna wimbo mmoja wenye mapigo sita kwa kila kipimo, na mtindo wa gumba la kupishana hauukai. Mwisho, je, niegemeze kidole kidogo kwenye ubao wa gitaa au nikiache kiwe hewani?

SautiMbele alijibu:

Kugombea mahali unakokusikia kuna sababu, wala si hisia tu. Kwa upangaji wa kawaida, uzi wa sita ukiwa wazi unatetema takriban mara 82 kwa sekunde, wa nne 147, wa tatu 196, wa pili 247 na wa kwanza 330. Mwanamume wa sauti ya chini anapoimba ubeti kwa utulivu, mara nyingi yupo katikati ya namba hizo, yaani palepale ambapo nyuzi za nne, tatu na pili zinalia. Dawa ya kwanza ni kapo, yaani kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja. Ukiiweka kwenye freti ya tano, uzi wa kwanza unapanda hadi 440 na wa sita hadi 110, na gitaa lako linahamia juu ya sauti badala ya kukaa ndani yake.

Bila shaka kapo inapandisha na ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima, kwa hiyo chagua maumbo ya kordi yatakayokurudisha kwenye ufunguo unaokufaa. Tuseme wimbo wako unakaa vizuri kwenye C na unaupiga kwa maumbo ya C. Weka kapo kwenye freti ya tano na utumie maumbo ya G: umbo la G litatoa C, la C litatoa F, na la D litatoa G. Sauti haijahama hata nusu toni, ila gitaa limehama. Wenye sauti za juu wafanye kinyume: waondoe kapo, waziache besi zilie kwa ukamilifu, na wapunguze kudonoa uzi wa kwanza, kwa kuwa ndio unaokutana na sauti yao.

Njia ya pili, kama hutaki kapo, ni kuziba besi kidogo kwa ubavu wa kiganja ulioegemezwa karibu na daraja. Noti za gumba zinakuwa fupi, mdundo unabaki, na ule mvumo unaochanganyika na sauti yako unakatika. Usizibe sana mpaka noti ipotee, kwani bila besi hiyo huna chombo kingine cha kushika mapigo.

GumbaKwanza alijibu:

Nitajibu mawili yaliyobaki. Kwenye kipimo cha mapigo sita, gumba lisipishane. Lidonoe mara moja mwanzoni, na vidole vipande na kushuka: gumba, shahada, kati, pete, kati, shahada, ukiviweka shahada kwenye uzi wa tatu, kati kwenye wa pili na pete kwenye wa kwanza. Uzito uko kwenye donoo la kwanza na la nne, na la kwanza liwe zito zaidi. Wanaoanza hulipa kila donoo nguvu sawa, na hapo ndipo wimbo unapokosa mawimbi. Kama sauti inabanwa, ondoa donoo la pili na la sita, uache gumba, kati, pete na kati. Utapata nafasi mbili za kimya katika kila kipimo, nazo zinatosha kwa konsonanti zako kupita.

Kwenye wimbo wa aina hii kordi ikibadilika katikati ya kipimo, gumba lirudi kwenye donoo la nne, lichukue besi ya kordi mpya, na kidole cha pete kikae kimya. Ukijaribu kulazimisha gumba na pete pamoja kila mara, utakuwa umebana nafasi ileile uliyokuwa unaitafuta.

Kuhusu kidole kidogo, wapigaji wa gitaa la klasiki hawakiegemezi, na wapigaji wengi wa nyimbo za kienyeji wanakiegemeza. Pande zote mbili zina mabingwa. Mimi namshauri anayeimba akiguse tu kwenye ubao mwanzoni, bila kukandamiza, kwa kuwa hatazami mkono wake na anahitaji kitu cha kumwambia nyuzi ziko wapi. Ukikikandamiza, misuli ya kiganja inakaza na kidole cha pete, ambacho kinashirikiana nacho sana, kinakosa uhuru, jambo utakaloliona mara moja kwenye mtindo wa mapigo sita. Ndiyo maana kwenye wimbo huo ni afadhali ukiinue kabisa.

PikiNaKidole alijibu:

Kwa huo wimbo wa mapigo sita hata mimi naweka piki pembeni. Ila usikate kucha zote kabla ya kuamua: kucha inayozidi ncha ya kidole kwa milimita moja hivi inafanya donoo la pete lisikike bila kuongeza nguvu, na pete ndicho kidole dhaifu kuliko vyote katika kazi hii. Gumba la nyama tupu, bila kucha, litakupa besi ya duara zaidi, na kwa sauti ya chini kama yako besi ya namna hiyo itafaa kuliko ile kali.